Viateur Haolewi

Kamate alikuwa amepanda juu ya benchi, jasho linamtiririka, na bado hajamaliza kuisema Kisenyi vibaya.

"Huku kwenu ni muchanga na usingizi tu," alimwambia baba wa bibi arusi. "Mutu anaamuka, anaangalia ziwa, analala tena."

Ua mzima uliangua kicheko. Ilikuwa siku ya kumposa Nyiramahirwe, nyumbani kwa baba yake, hukohuko Kisenyi, na kwa desturi ya familia hizo pande mbili hushindana kwa mdomo kabla pombe ya ndizi haijazunguka. Kamate, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alichaguliwa na bwana arusi awe msemaji wake, kwa sababu soko lote la Birere, kule Goma, hakuna aliyemweza kwa maneno. Bwana arusi mwenyewe, Viateur, alikaa kimya kama ilivyompasa, mikono katikati ya magoti, roho juu.

Ubishi ulikuwa mmoja: maharusi wataishi wapi? Mzee Twagirayezu hakutaka binti yake wa pekee aende mbali. Alitaka wakae Kisenyi. Viateur, fundi cherehani wa Birere, alikuwa ameapa kwamba afadhali abaki kapera. Mwanamume akihamia upande wa wakwe, sokoni wanasema ameolewa. Kulikuwa na Anastase mmoja aliyefanya hivyo, wakamwita bibi arusi mpaka mvi zikamtoka.

Miji yenyewe ililingana, imekaa bega kwa bega kando ya ziwa. Ukipiga chafya Goma, Kisenyi wanakuitikia afya. Mpaka kati yao, mwaka ule wa 1955, ulikuwa mawe machache ya Wabelgiji yaliyozama vichakani, na wengi hawakujua hata yako wapi.

Mzee aliinuka taratibu. Alisema Goma ni jiko lililozimika: udongo mweusi, vumbi jeusi, mpaka miguu ya watoto myeusi. Kamate akajibu kwamba Goma ina bandari, ina malori ya kahawa, na ina soko ambalo mshonaji hakosi suruali ya kupunguza. Mzee akasema Kisenyi kuna kivuli. Kamate akasema kivuli hakiliwi. Mzee akasema mawe ya Goma ni matobo matupu, hata figa la kukalishia chungu halipatikani, binti yake atakuwa anamwaga maharage kila siku.

Hapo Kamate akashuka kwenye benchi. Basi wakaamua aulizwe binti. Shangazi yake, Pascasie, aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko alivyopenda Viateur, akatoka.

"Anasema Goma."

Viateur nusura aanguke kutoka kwenye kigoda. Mzee aliutazama mlango wa binti yake, kisha, ajabu, akacheka.

"Sawa," alisema. "Lakini figa moja itatoka kwangu. Sitaki aibu."

Kiwanja alikichagua Nyiramahirwe mwenyewe, mwisho kabisa wa Birere, nyuma ya mti mkubwa wa mvumo. Palikuwa na shamba la maharage la mama mmoja, Mukagasana, aliyekubali kulihama kwa mbuzi. Viateur akajenga nyumba ya mbao, akaipaka rangi ya buluu. Penye shimo chini ya mti, mkewe akapanda boga.

Siku ya kuwasha moto wa kwanza, mzee alikuja na figa begani, anahema. Lilikuwa jiwe la kijivu, bapa, limechongwa pembe, laini kama sabuni. Viateur alipomwona baba mkwe anatokwa jasho kwa ajili ya jiko la Goma, alifurahi hata akapotoa kola za mashati mawili. Tangu hapo mzee akawa anakuja kila siku. Anakaa chini ya mvumo, anasikiliza sifa za Goma, anaitikia zote. Viateur alijiambia kwamba hakuna mkwe mpole kama huyu duniani.

Jumamosi moja akafika Papa Édouard, mpima ardhi, na mnyororo wake wa kupimia. Aliuzunguka mti, akapiga nyasi teke, akainua majani ya boga, akakuna kichwa. Majirani wakajaa.

Alieleza kwamba zamani yeye mwenyewe, pamoja na Wabelgiji, alisimika jiwe la mpaka chini ya mti huu. Upande wa soko ni Goma. Upande wa nyumba ile ya buluu ni Kisenyi.

Viateur alicheka mpaka akakaa chini. Mbele ya baba mkwe wake, mbele ya Kamate, mbele ya Birere nzima! Akakokota benchi lake la kushonea nje, akapanda juu yake.

"Papa, jiwe iko wapi? Bila jiwe, ile ni maneno tu," alisema. "Mimi ni mutu wa Goma. Siku ile jiwe itaonekana, nitavaa shela ya bibi arusi, nipite nayo soko muzima."

Watu wakampigia makofi. Kamate akapiga mluzi. Mzee Twagirayezu, chini ya mti, alikuwa ameinama, anachunguza vidole vyake vya miguu kama mtu aliyepotezewa kimoja.

Nyiramahirwe akatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge, ameuma midomo ili asicheke.

"Papa Édouard, ukae kwanza," alisema. "Maharage ikiiva, nitatoa chungu, nikupatie jiwe yako."