Nguo Zilizosimama Ufukweni

Siku hizi kamera zote huwafuta watu kwenye picha za pwani moja ya theluji, kaskazini ya mbali, kwa sababu watalii wanataka pwani tupu. Mimi nilialikwa kutoka Lindi na ofisi ya utalii ya huko kuipiga picha majira yote ya baridi. Siku ya kwanza nilimpiga picha mwenyeji wangu, Bi Torunn, akianua nguo. Kwenye picha hayumo. Zimebaki nguo kambani, zimeganda kama mbao.

“Kumbe nguo kamera haizifuti,” nikamwambia.

Hakucheka. Alipita nyumba kwa nyumba, na kesho yake kijiji kizima kikaleta nguo zilizoganda, tukazisimamisha ufukweni, thelujini: suruali, magauni, hata koti la marehemu mume wa Bi Torunn. Nami nikailowesha kanga yangu, ikakakamaa kwa baridi, nikaisimamisha hapo. Kisha kila mmoja akasimama kando ya nguo yake, nami nikafyatua kamera kwa rimoti.

Picha ikatoka na nguo arobaini, bila mtu hata mmoja. Nikaituma hivyo hivyo.

Ofisi iliyonialika ikaandika: “Huko hakuishi mtu. Ziondoe hizo nguo.”

“Njooni mziondoe nyinyi,” nikajibu. “Wenye nguo tumesimama hapa hapa.”