Redio ya Kijiji Imegoma

"Sijaiua mimi," Nesta alisema. "Hata mniulize mpaka jioni, jibu ni hilo hilo."

Redio ya kijiji ilikuwa juu ya gunia la kahawa, mgongo wazi, haitoi hata mkoromo. Nje ya ghala watu wamejaa, wananyeshewa, wanangoja taarifa ya saa saba. Siku hiyo ndiyo bei mpya ya kahawa ilikuwa inatangazwa, na mtunza redio ni Nesta.

Mwenyekiti Yonathani alifunga mlango, aibu isitoke nje. Ghala lenyewe halina dirisha. Akawasha tochi, akamsogelea fundi Zahoro, waliyemleta kwa baiskeli toka Tunduma.

"Haya fundi, fanya kazi. Nakumulikia."

Tochi ilipiga mle ndani mpaka vumbi likaonekana. Zahoro akabonyeza swichi, akaichokonoa. Nzima. Akafuata waya mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi. Hakuna uliokatika. Spika akaigonga kwa ukucha. Nayo haina neno.

Ndipo akatoa betri za redio, akazigusisha kwenye kibalbu chake cha kupimia. Wapi! Hakikuwaka hata kidogo.

"Ugonjwa ndio huu, mzee. Zimekufa. Hii mpaka inatoa maji."

"Si nilisema!" Yonathani akaruka. "Betri mpya hizo! Tangu masika dukani hamna, ng'ambo Nakonde hamna. Zimepatikana hizi tatu, mkutano mzima tukakubaliana ziende kwenye redio. Jumapili tu tumezitia. Leo maiti! Huyu binti anakesha humu na rumba za Zambia."

"Nani kanisikia?"

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi. Na wa akiba unao wewe, mzee."

"Usinijibu! Wenzako wanaliwa na mvua pale nje kwa ajili yako. Sasa chagua. Utoke pale mlangoni uwaombe radhi watu, na redio usiiguse tena. Au mgambo akupeleke Vwawa sasa hivi, ukajibu kesi ya kuhujumu mali ya kijiji. Wahujumu wanavyofanywa siku hizi unasikia mwenyewe."

Zahoro akamnong'oneza: "Dada, omba radhi yaishe. Neno moja tu, utaenda zako nyumbani."

"Niombe radhi ya nini?"

"Ona kiburi!" Yonathani akammulika usoni. Nesta hata macho hakufumba.

Huko nje mtu akapiga kelele: "Jamani, saa saba hiyo! Mnatuficha nini?"

Nesta akachukua ile betri iliyolowa kiganjani mwa fundi, akaigeuzageuza.

"Fundi, betri ya Jumapili inatoa maji?"

"Ya Jumapili? Thubutu. Hii imekaa miezi."

"Basi kuomba radhi siombi, na Vwawa siendi." Akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, lete hiyo tochi."

"Ya nini? Si namulika mimi?"

Nesta akaipokonya, akaizungusha kitako mpaka kikafunguka. Ghala likawa giza tii.

Humo gizani chuma kikagonga chuma, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Halafu redio ikakohoa, na sauti ya Dar es Salaam ikajaa ghala lote.