Suti kwa Jina la Marehemu

Mashine ya kukatia ilikataa kitambaa kwa mara ya tatu. Fundi Chausiku alikuwa ameizungusha tepu kiunoni mwa Sikudhani mpaka namba zikakaribia kuisha, lakini kioo cha mashine kilirudia yale yale: aliyesajiliwa mwanamke hakatiwi suti, na kwa unene huo hakuna hata kipimo.

"Nikushonee gauni basi, mwanangu? Mazishi ni kesho."

"Gauni sijavaa tangu nipate akili, fundi. Baba mwenyewe alikuwa ananivisha makoti yake."

Bila vazi rasmi lango la makaburi halimfungulii mtu, na udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza, ndiye yeye.

Fundi akafungua orodha ya vipimo vya wateja. Mzee Lubuva, baba yake Sikudhani, alikuwa na mwili ule ule, na vipimo vyake havijafutwa bado. Akaandika jina la marehemu. Mashine ikakata bila kinyongo.

Suti ilimkaa. Tangu msiba uingie, Sikudhani hakuwa amesimama wima namna ile.

Kesho yake lango lilisoma lebo ya kola. "Karibu, Mzee Lubuva," likasema, likafunguka.

Kaburini, shangazi yake alimshika mkono, akamwonyesha kibao cha kioo chenye jina la marehemu. Daftari la serikali lilijua nyumba ile imefiwa na mtu mmoja, na mzee, kwa kuwa amepita langoni, sasa alikuwa hai; marehemu ilibidi awe mwingine. Jina kwenye kibao lilikuwa Sikudhani Lubuva.

Alilisoma mara mbili. Kisha akafunga vifungo vya koti, akainama, akachota udongo, akautupa.