Gamba Ndani ya Asidi

Chembe ya mwisho ya jiwe iliyeyuka katika bakuli la asidi, na ndani ya gamba, dogo kama punje ya mchele, alama za misuli zikajitokeza. Binti akainamia darubini, roho juu.

Zilikuwa jozi. Kushoto na kulia, zinatazamana kama macho.

Baba yake, mtafiti aliyepofuka uzeeni, alikaa kando yake, fimbo magotini. Maisha yake yote alishikilia kwamba viumbe wenye magamba haya, waliotoweka zama za kale, ni mababu wa konokono. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Ingekuwa kweli, alama ingekuwa moja tu, upande mmoja. Na gamba jingine lililobaki zima hivi kwa ndani halijapata kuonekana.

“Ehe, mwanangu? Ni moja, sivyo?”

Maji yalikuwa yamemfika binti shingoni. Kibanio alikuwa nacho mkononi. Kilichobaki ni kulitoa gamba na kulisuuza upesi, kabla nalo halijaliwa na asidi. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

“Moja, baba,” akasema.

Uso wa mzee ukachanua. Akacheka huku machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

Kibanio kikabaki hewani. Ukingo wa gamba ukamomonyoka. Alama ya kushoto ikaanza kufifia.

Ghafla mzee akanyamaza. Akatega sikio upande wa bakuli, ambako povu lilikuwa bado likilia, chwii, chwii.

“Mwanangu,” akauliza taratibu, “mbona hulitoi?”