Sindano, Mkanda, Spika, Mota

Uvumi ulianza maji ya El Niño yalipopungua: mtoto akisahau sauti ya babake aliyechukuliwa na mto, hapiti mwaka, atamfuata. Nani aliusema kwanza pale Garsen, hakuna ajuaye. Abdia aliusikia bombani, akaucheka. Akalala nao, akaamka nao.

Maana Ruwaida, bintiye wa miaka sita, alikuwa ameshaanza kusahau.

Babake, marehemu Omar, alikuwa mwimbaji, na wimbo wake mmoja ulitiwa kwenye santuri huko Mombasa. Kabla ya mafuriko mtoto halali bila wimbo huo. Sasa gramafoni ilitolewa topeni, ikafutwa, ikaunganishwa na betri ya gari. Ruwaida naye alikuwa ameinuka kitandani: homa imemtoka, na usaha wa masikio umekaushwa kwa samli ya moto ya nyanyake na pamba. Akakaa, akaitazama santuri ikizunguka.

"Mama, baba haimbi!" Alipaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Abdia alimsikia Omar, kwa mbali, akikwaruza. Akakimbilia kwa fundi Mukhtar.

"Mama Ruwaida, vyote vimechoka," fundi alisema. "Lakini anza na sindano. Sindano mbovu inaila santuri, na hiyo hupati nyingine."

Mbuzi akaenda sokoni, sindano ikaja na basi la Malindi. Omar akaimba bila mkwaruzo. Abdia akapiga magoti, akamshika mtoto kidevu.

"Unamsikia?"

"Haimbi!"

"Basi ni mkanda," Abdia akamwambia fundi. "Umelegea, sauti inavutika, mtoto haitambui."

Mkanda ukabadilishwa. Ruwaida akatikisa kichwa.

"Spika, basi."

"Spika haina ubaya, mama."

"Fundi, wewe una mtoto wa kumfuata mtu mtoni?"

Mukhtar akachukua bisibisi. Akafunga spika kubwa iliyong'olewa kwenye basi bovu.

"We Abdia!" jirani yake Jumwa akafoka kutoka ua wa pili. "Marehemu wako kaimba mpaka kuku wangu wamehama! Punguza, tumeshamkumbuka!"

Ruwaida alikuwa amekaa, mgongo kwenye spika, akichora ng'ombe mchangani.

Ikabaki mota. Abdia akauza mabati aliyopewa ya kuezekea nyumba, na mvua bado zinakuja. Fundi akaja na mota ya mashine nyingine, nzito, akaifunga palepale uani. Alipoiunganisha na betri ikaunguruma, meza nzima ikatetemeka.

Ruwaida akasogea. Akaweka viganja juu ya sanduku, kisha akalaza shavu. Uso ukamfunguka kama zamani.

"Mama! Baba anaimba!"

Abdia akapiga kigelegele, machozi yakimtiririka. Mwanangu haendi mtoni. Haendi! Akamgeukia fundi amshukuru.

Fundi alikuwa amesimama kando ya meza. Santuri ilikuwa bado mkononi mwake.

Wenye watoto, jiepusheni na haya:

Maneno ya bombani.
Samli ya moto sikioni.
Kuziba usaha kwa pamba na kusema umekauka.
Kuuza mbuzi kabla hujamwita mtoto ukiwa nyuma yake.