Panya Aliyeondolewa Woga

Machano na Kidawa walikuwa panya wa maabara, wakikaa kizimba kimoja. Wataalamu walimwondolea Machano jeni ya woga, waone ataishije bila hiyo. Kidawa aliachiwa jeni zake zote, naye alitetemeka hata mlango ukilia.

Siku moja kizimba kilisahauliwa wazi, na Paka akaingia maabarani. Machano akatoka kumlaki.

"Mbona hukimbii?" Paka akashangaa.

"Mimi sina jeni ya woga, mzee."

Paka akajilamba midomo. Kidawa akasema kwa kutetemeka, "Mle tu, bwana. Paka aliyemla ndugu wa huyu panya naye aliishiwa woga, akaenda kumsalimia mbwa."

Paka alitoka mbio.

"Umeona alivyoniogopa?" Machano akatamba.

"Nimeona," Kidawa alimjibu, huku akimvuta ndani na kufunga mlango.