Blenda ya Bi Rehani

Tangu Tausi afungue kibanda chake cha kutengeneza pasi, feni na blenda, mteja wa kwanza alikuwa Bi Rehani, muuza juisi. Mafundi wengine wote walishamwambia aitupe blenda yake.

"Ikigoma na hapa, mwanangu, mimi sina biashara."

"Na mimi sina jina, mama," alisema Tausi, akikaza skrubu ya mwisho. "Lete maparachichi."

Mtaani hapo mteja haondoki mpaka chombo kijaribiwe mbele yake, kwa kazi yake hasa. Majirani wakasogea, wa kuomba dua na wa kuja kucheka. Tausi akamenya, akatia maziwa, akabonyeza swichi.

Blenda ikanguruma! Akaruka kwa furaha, na hapo ndipo alipouona mfuniko ungali mkononi mwake. Juisi ikapaa, ikatua kwenye dera jipya la Bi Rehani, mpaka kwenye nyusi.

"Wewe mtoto! Dera la sikukuu! Niombe radhi!"

Lakini alikuwa anajilamba midomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Siombi," alisema Tausi, kidole bado kimeng'ang'ania swichi, parachichi likimchuruzika kidevuni. "Sikiliza inavyonguruma, mama. Siombi ng'o!"